Kabla Hawajamwaga Simiti: Darasa Jipya Tulichagueje?



Leo sitaongea kuhusu vitambulisho wala vijana kukamatwa usiku, mambo ambayo mmezoea kunisikia nayo. Leo naongea kuhusu darasa. Najua wengine washaanza kuangalia simu. Vumilieni kidogo, manake hili jambo linaamuliwa Jumamosi hii, na nyinyi msipokuwepo litaamuliwa na watu wanne chini ya mwembe kisha tutaletewa karatasi ya kusaini.

Kuna shule moja ya msingi huku Likoni, jina nitaliacha, wenye wadogo zenu pale mnaijua. Januari 2023 Gredi ya 7 ilibakishwa kwenye shule za msingi, ikafuata ya 8, na mwaka 2025 ikafika ya 9. Watoto ambao zamani wangekuwa sekondari sasa wako hapo hapo, na vyumba ni vile vile. Sasa pesa kidogo imepatikana: wazazi wamechanga, wafanyabiashara wawili watatu wameahidi, na kuna matumaini ya CDF. Bodi ya shule ina mapendekezo matatu. Moja, vyumba viwili vya mabati, vinamalizika kwa wiki chache. Mbili, darasa moja la mawe, ambalo litakula pesa yote na miezi kadhaa. Tatu, banda wazi uwanjani, yaani darasa la nje.

Kabla ya kuchagua, uliza swali ambalo linaudhi watu vikaoni: je, vyumba vyote vilivyopo vinatumika? Mimi nimezunguka shule nyingi hapa Pwani na nimeona madarasa mazuri kabisa yamejazwa madawati yaliyovunjika na magunia ya simiti iliyoganda. Fundi seremala mmoja kwa wiki moja anaweza kuwapa darasa bila kujenga chochote. Na je, mwalimu wa hilo darasa jipya yuko? Chumba hakifundishi.

Tuseme tumehesabu na kweli vyumba havitoshi. Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, na kipimo cha darasa kimetajwa mle: kama mita 7.5 kwa 6, watoto 40 wakikaa wawili wawili kwenye dawati. Piga hesabu. Hiyo ni mita za mraba 45, kila mtoto anapata zaidi kidogo ya mita moja. Ukitia watoto 80 chumba hicho hicho, kila mmoja ana nusu mita: dawati, begi na pumzi yake vyote humo. Kwa hivyo mtu akikwambia "tutajenga darasa", muulize ukubwa gani. Kuna vyumba vinaitwa madarasa ambavyo ni stoo zenye ubao.

Tuje kwenye mabati. Sitaki kuyadharau, wengi wetu tumesomea humo. Ni rahisi, ni ya haraka, na mwaka kesho ukitaka kuyahamisha unahamisha. Lakini mabati juu na mabati ubavuni, huku kwetu, Februari, saa saba mchana? Mtoto hapo hasomi, anasubiri kengele. Na mvua ikianza kupiga, mwalimu ananyamaza, manake hata akipiga kelele hasikiki. Masika yote hayo. Kama ni lazima mabati, basi kuta ziachwe wazi kuanzia kifuani kwenda juu, paa liinuliwe, na litiwe dari. Gharama inapanda kidogo, ndiyo, lakini chumba kinakaliwa.

Kitu kimoja sikubali hata kwa dakika moja: ghorofa ya mabati na mbao. Mkisikia mtu anasema "tukiongeza juu tutapata vyumba vinne", simameni. Tarehe 23 Septemba 2019, shule ya Precious Talent kule Dagoretti, Nairobi, darasa la juu liliwaangukia watoto wa chini asubuhi, masomo yakiwa ndiyo yanaanza. Watoto 7 walitolewa wamekufa siku hiyo na makumi wakajeruhiwa. Wazazi wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na shule moja karibu na nyumbani, wakaitumia.

Darasa la mawe ndilo ninalolipenda mimi, nasema wazi ili msije mkadhani nimekaa katikati. Lakini darasa la mawe pia linajengwa vibaya. Babu zetu wa Lamu na Mji wa Kale walijua mambo ambayo kontrakta wa siku hizi hana haja nayo: ukuta mnene unaochelewa kupata joto, baraza yenye kivuli, kiwanda katikati ya nyumba cha kupitisha hewa. Hatuna pesa ya kuta nene kama zile. Tuna akili ya kuelekeza jengo, na hiyo haina bei. Jua linatoka mashariki linazama magharibi, sivyo? Basi ubavu mrefu wa darasa, wenye madirisha, uangalie kaskazini na kusini, na kuta fupi zisizo na dirisha ndizo zipokee jua la asubuhi na la alasiri. Na upepo wetu mnaujua: miezi ya kaskazi unavuma kutoka kaskazini mashariki, miezi ya kusi kutoka kusini mashariki. Madirisha yakitazamana pande hizo mbili, mwaka mzima hewa inaingia hapa inatoka pale. Fundi akisema "tutalipanga kulingana na geti", mwambie geti halisomi.

Kuna mtu anaitwa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alisoma utotoni kwenye darasa la joto na giza, akaenda Ujerumani, akasomea usanifu wa majengo. Kisha akarudi kujengea kijiji chake shule, ikamalizika 2001. Wanakijiji wenyewe walibeba mawe na kufyatua matofali ya udongo uliochanganywa na simiti kidogo. Ujanja wake mkubwa uko juu: dari ni la matofali yenye matundu, halafu paa la mabati limeinuliwa mbali juu yake kwa vyuma vyembamba. Hewa ya moto inapita kati ya dari na paa inakwenda zake. Ni mabati haya haya tunayoyalaumu. Shule ile ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akapewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa duniani katika fani hiyo, Mwafrika wa kwanza. Siwaambii tujenge Gando hapa Likoni. Nawaambia paa kuinuliwa si jambo la matajiri.

Sasa darasa la nje. Hili limekuwa fasheni, na mimi lina sehemu linanifurahisha na sehemu linanitia wasiwasi. Banda zuri, paa la makuti au mabati, sakafu ya simiti iliyoinuliwa, viti vya mawe kuzunguka, ubao upande mmoja: watoto wadogo wanasoma vizuri mle kuliko ndani. Hewa ipo, mwanga upo. Na mtaala huu wa sasa una kazi nyingi za mikono, kupanda, kupima, kuchora. Hizo nje ni bora. Jioni vijana mnaweza kukaa kufanya kazi za shule, wazazi wakafanya vikao vyao badala ya kusimama juani. Makuti yanataka kubadilishwa kila miaka michache na yanashika moto haraka, kwa hivyo yakae mbali na jiko la shule. Basi.

Wasiwasi wangu ni huu. Wenzetu wa Garissa, Wajir na Mandera wamesomea chini ya miti miaka na miaka, na hakuna aliyekuja kuwapiga picha akasema ni elimu ya kisasa. Ilikuwa kunyimwa, mchana kweupe. Januari 2021, shule zilipofunguliwa baada ya corona na nafasi ikawa haitoshi, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Magoha, alisema watoto wasomee chini ya miti. Kwa dharura, sawa. Lakini mjue jinsi mambo yanavyokwenda: dharura huku kwetu ikikaa miaka mitatu inaitwa desturi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 27 kinakataza ubaguzi. Ukitaka kujua kama darasa la nje ni nyongeza au ni njia ya kukunyima, ngoja mvua. Watoto wakiwa na chumba cha kukimbilia, ni nyongeza. Wakirudishwa nyumbani, mmenyimwa.

Halafu uwanja. Banda linawekwa wapi? Mkichukua uwanja wa mpira, watoto watachezea barabarani. Na kuna jambo zaidi, shule zetu nyingi hazina hatimiliki ya ardhi. Januari 2015, watoto wa Lang'ata Road Primary kule Nairobi walipigwa mabomu ya machozi na polisi kwa sababu walipinga ukuta uliojengwa kuwanyang'anya uwanja wao. Watoto wa primary, na sare zao. Kwa hivyo kabla ya kujenga chochote karibu na mpaka, ulizeni cheti cha ardhi kiko wapi na mipaka inapita wapi. Ukijenga ukapitiliza, jirani atakushtaki. Ukiacha wazi, kuna mtu atakuja na karatasi.

Usalama nitaupitia mbio, ila msiusahau. Mlango ufunguke kwenda nje na usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasitiwe vyuma. Mnasema wezi? Machi 2001, Kyanguli, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini, na vyuma vya madirisha ni miongoni mwa vilivyowazuia kutoka. Kompyuta ziwekwe ofisini, kwisha. Pawe na mteremko wa kiti cha magurudumu, siyo ngazi peke yake. Na vyoo: kanuni ni choo kimoja kwa wasichana 25, kimoja kwa wavulana 30. Darasa jipya la watoto 40 bila choo kipya ni foleni, na wanaoumia kwenye foleni hiyo ni dada zenu.

Pesa. Hapa ndipo vijana mnapotakiwa zaidi, manake wazee wengine wanaona haya kuuliza. Kwanza jueni mlango wa kugonga. Kaunti kikatiba inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule ya msingi na sekondari ni serikali kuu. Kwa hivyo kumlilia MCA kuhusu darasa la Gredi ya 9 ni kumtafuta mtu asiyekuwa na ufunguo, ingawa mwenyewe atakuahidi. Pili, ombeni ile orodha ya vifaa na bei ambayo mafundi wanaiita BQ. Madarasa ya sekondari yaliyojengwa na serikali mwaka 2022 yalitajwa kuwa chini kidogo ya shilingi laki 8 kila moja. Bei zimepanda tangu hapo, sawa, lakini mkiletewa darasa moja la milioni mbili mna haki ya kuuliza lina nini ndani. Mkinyimwa, andikeni barua. Kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinawapa haki hiyo, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, mnapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, wenyewe wanaiita Ombudsman. Barua isiwe na matusi. Iwe na tarehe, jina, na nakala mnayobaki nayo.

Msimamo wangu nitausema pale kikaoni kama ninavyousema hapa: darasa moja la mawe mwaka huu, kipimo kamili, limeelekezwa sawa, paa limeinuliwa. Ikibaki pesa, banda dogo la nje kando ya mwarobaini, mbali na uwanja. Vyumba viwili vya mabati vinavutia kwa sababu viwili ni zaidi ya kimoja, naelewa, na mama mwenye mtoto anayekaa chini leo hawezi kuambiwa asubiri miezi sita. Nikikutana naye sitabishana naye. Nitamuuliza mwalimu mkuu kama ile stoo inaweza kufunguliwa Jumatatu.

Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, pale pale shuleni. Wazazi ndio wapiga kura, lakini hakuna aliyekatazwa kuingia na kuuliza. Nahitaji watu wawili wenye utepe wa kupimia, mmoja anayejua kusoma ramani ya ujenzi, na dada mmoja au wawili wa kuhesabu vyoo vya wasichana kabla kikao hakijaanza. Tukutane getini saa tatu na nusu. Mje mmevaa viatu, ule uwanja una miiba.