Kazi ya Kupeleleza Makosa ya Fedha
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Moshi)



Makarani vijana hutuuliza: kazi ya kupeleleza wizi wa fedha huingiwaje, nayo je, ni ya polisi tu? Sivyo. Bunduki haina nafasi kubwa humo. Leja na stakabadhi ndizo silaha zake, na hizo sisi makarani twazijua tangu zamani.

Tazameni mambo ya Benki Kuu. Katika mwaka wa fedha 2005/06 zilitoka katika akaunti ya madeni ya nje, iitwayo EPA, zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22. Hakuna mlango uliovunjwa. Zililetwa karatasi za kusema kwamba wadai wa ng'ambo wamehamisha madeni yao. Wakaguzi walipozichungua wakaona makampuni 13 yamelipwa bilioni 90 hivi kwa hati batili na za kughushi. Habari ilipotangazwa Januari 2008, Gavana aliondolewa. Basi jambo lote lilifunuliwa kwa kulinganisha karatasi na karatasi.

Huku mlimani latugusa zaidi. Chama cha wapandaji kahawa cha mwaka 1925 kiliingia katika mashaka ya deni na hesabu, hata KNCU ikashika mahali pake mwaka 1933. Mkulima wa Kibosho au Marangu huipeleka kahawa yake mizanini, hupewa kipande cha karatasi, kisha hungoja. Kikiandikwa kilo pungufu, ada ya shule ya mtoto imekwisha kupotea, naye mama yake hana njia ya kujua.

Mlango wa kuingilia ni masomo. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapa hapa mjini, nacho hufundisha uhasibu. Mitihani ya NBAA humpa mtu cheti cha CPA. Kisha ziko TAKUKURU, yenye sheria yake ya 2007. Kitengo cha fedha haramu, kilichotokana na sheria ya 2006. COASCO, mkaguzi wa vyama vya ushirika. Na polisi wenyewe. (Asiyependa kompyuta asijisumbue, maana fedha nyingi siku hizi hupita katika simu.)

Jambo gumu hatutawaficha. Siku moja utafungua daftari ukute sahihi ya mjomba wako. Hapo mkabidhi mwenzako faili, kwa barua, siku ile ile. Ukingoja hata kesho yake, wakili wa mshtakiwa atakuuliza mbele ya hakimu usiku ule faili lililala wapi.