Shanta la Kupandia Barafu: Tununue Lipi kwa Fedha Tuliyo Nayo?

(Hotuba iliyotolewa bwaloni mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati ilipotangaza kwamba nitazungumza juu ya mashanta, baadhi yenu mlicheka, nami nilisikia. Mwenzangu mmoja wa bweni ameniuliza hapo mlangoni kama nimefika umri huu nikawa fundi mikoba. Basi nianze na jambo lenyewe lililotuleta hapa.

Chama chetu kimekubali kuwagharamia vijana wanne waliomaliza hapa miaka ya karibuni, ambao sasa wanafanya kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro, waende Mlima Kenya mwezi Agosti kujifunza kupanda barafu kwa kamba na mashoka. Buti, mashoka, na yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, wataazimwa na wenyeji wao. Shanta kila mmoja aende na lake. Mweka Hazina ametenga shilingi 200,000 kwa kila kijana, na katika kikao kilichopita palitolewa pendekezo la kununua mashanta manne makubwa ya lita 75, kwa kuwa yamepatikana kwa bei ya chini. Nimekuja kulipinga pendekezo hilo, kwa heshima zote kwa ndugu aliyelitoa.

Lakini kwanza niwajibu wale wanaouliza, barafu ya kupandwa kwa mashoka inatoka wapi karibu na mstari wa Ikweta? Mlima Kenya una kipupwe na kiangazi kwa wakati mmoja. Kuanzia Juni hadi Septemba jua liko upande wa kaskazini, hivyo miamba ya kaskazini hukauka na watu huipanda kwa mikono mitupu, na huku nyuso za kusini zimo kivulini, maji yanaganda, barafu inakuwa ngumu. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Kilele cha Batian kina meta 5,199, na chini yake upande wa kusini liko korongo la barafu linaloitwa Diamond Couloir, ambalo lilipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Mkenya, Thumbi Mathenge. Nataja jina hilo makusudi, maana wapo wanaodhani mchezo huu ni wa Wazungu peke yao. Barafu ya milima yetu imepungua sana tangu siku hizo, na korongo lile si la kutegemewa kama zamani. Lakini kipupwe kikifika bado ipo ya kujifunzia.

Sasa nirudi kwenye shanta. Wengi wetu tuliingia katika shule hii na sanduku la bati. Mtakumbuka kwamba mwenye sanduku kubwa hakuwa mwenye raha. Mama aliona nafasi imebaki, akatia ndizi. Akaona bado, akatia blanketi la pili. Na mtoto akapanda kilima kile kutoka stendi shingo imezama kifuani. Shanta la lita 75 lina tabia hiyo hiyo. Mtu halifungi likiwa nusu. Litajaa, na lenyewe tupu lina kilo 2 na zaidi.

Mimi nililijua hilo kwa njia mbaya. Mwaka 1988 nilikuwa mwanafunzi huko Scotland, na wenzangu walinifundisha kupanda makorongo ya theluji wakati wa baridi. Mlima wao mkubwa ni Ben Nevis, meta 1,345 tu. Msiucheke. Unaanza kuupanda karibu na usawa wa bahari, upepo wake unamwangusha mtu mzima, na katikati ya majira ya baridi mchana hauzidi sana saa sita au saba. Theluji yake ni ya majimaji: leo inayeyuka, usiku inaganda, kesho inakulowesha tena. Nilikuwa na shanta kubwa nililolinunua kwa fedha kidogo, nikajiona mjanja. Uzi wa mkanda wa bega la kushoto ulikuwa umeanza kuachia. Niliuona. Nikasema nitaushona Jumapili.

Jumamosi tulikuwa katikati ya korongo, upande wa kaskazini. Mambo matatu yakanipata moja baada ya jingine. Kwanza, mkanda mpana wa kiunoni ulikuwa umefunika vile vitanzi vya mshipi wa kupandia ambavyo tunatundikia vifaa, nami nilipotaka skrubu ya barafu niliipapasa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Pili, kifuniko cha shanta kilisimama juu nyuma ya kichwa changu, na kila nilipoinua uso kutazama ninakokwenda, helmeti ilisukumwa mbele ikaniziba macho. Tatu, tulipofika mahali pa kusimama nikalivua shanta ili nitoe chai. Nililishika kwa mkanda wa kushoto. Uzi ukaachia. Likaenda.

Halikuanguka kwa kishindo. Lilitelezea tu, polepole, kisha kwa kasi, likapotea ndani ya ukungu. Ndani yake mlikuwa na koti langu la manyoya, chai, taa zetu zote mbili, na glavu za akiba za mwenzangu, ambazo alinipa nimbebee kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na nafasi. Tulishuka usiku bila taa. Glavu zake za mkononi zilikuwa zimelowa tangu mchana. Vidole vyake viwili havikupata tena hisia zake. Akishika kikombe hadi leo hutazama kwanza kama amekishika. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonifanya nisimame hapa.

Je, tununue la namna gani?

Shanta la kupandia barafu lina kazi mbili zinazogombana. Asubuhi, mnapokwenda kwenye mwamba, ni la mchukuzi. Hesabuni wenyewe: kamba ya meta 60 ina karibu kilo 4, meno ya chuma karibu gramu 900, mashoka mawili kilo 1 na robo, skrubu sita karibu gramu 900, mshipi na helmeti gramu 700. Ongezeni koti nene, glavu, chakula, chai ya moto na jiko dogo, mtafika kilo 12 hadi 14. Lakini mkishafika chini ya barafu, helmeti iko kichwani, kamba imefungwa kiunoni, mashoka yako mikononi, na shanta limebaki na kilo 4 au 5. Kuanzia hapo kazi yake ni kukaa kimya mgongoni. Shanta zuri la trekingi hufanya kazi ya kwanza vizuri na ya pili vibaya, na wauzaji wengi hawatakwambia, kwa sababu dukani mtu hulijaribu akiwa amesimama wima, mikono chini. Jaribuni mkiwa mmeinua mikono yote miwili juu, mmevaa helmeti, mnatazama dari. Muuzaji akishangaa, mwacheni ashangae.

Kwa hiyo mimi nasema lita 40 kwa safari hii, na lisizidi 45. Liwe jembamba, lisipite upana wa mgongo, maana viwiko vinahitaji nafasi. Uzito wake likiwa tupu uwe karibu kilo 1. Gramu 1,200 nazikubali kwa bei yetu. Yako mepesi zaidi, ya vitambaa vipya vya gharama kubwa, gramu 600 au 700, lakini bei ya moja ingemaliza mfuko wa vijana wote wanne, na barafu na mwamba havimwonei huruma aliyelipa sana. Nailoni nzito kidogo kwenye kitako na ubavuni inatutosha.

Liwe na mahali pa kufungia mashoka mawili, kwa bizimu zinazofunguka ukiwa na glavu nene. Liwe na mkanda wa kubana kamba chini ya kifuniko. Liwe na kitanzi imara juu, cha kulitundikia. Hicho, kama mnavyofahamu sasa, ndicho nilichopaswa kukishika. Mkanda wa kiunoni uwe wa kuvuliwa, au mwembamba wa kuweza kufungwa kwa nyuma kulizunguka shanta lenyewe. Kifuniko nacho kiwe cha kuvuliwa ikiwezekana. Mifuko ya wavu ya nje sitaki hata kuiona: inajaa theluji, inanasa kwenye mwamba, inachanika. Rangi hainihusu, ingawa nyekundu au machungwa huonekana upesi kwa watu wanaokutafuta.

Urefu wa mgongo ni muhimu kuliko urefu wa mtu. Inamisheni kichwa, mpapase ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo, mpime kwa tepu ya fundi hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Mmoja wa vijana wetu ni mrefu kuliko wenzake wote, lakini urefu huo uko miguuni. Akinunuliwa shanta la mtu mrefu, litampiga makalio hadi kileleni.

Na fedha? Shilingi 200,000 haziwezi kununua shanta jipya la namna hii katika duka la vifaa vya mlima. Lakini sisi tunakaa chini ya Kilimanjaro. Wageni huja na vifaa, wakaondoka wakawaachia waongozaji na wachukuzi. Vingine huletwa na mitumba. Katika soko la Memorial pale Moshi, mtu mwenye subira hupata shanta la kupandia kwa sehemu ndogo ya bei yake, kwa sababu wanunuzi wengi hulikataa: halina mifuko, halina zipu nyingi, linaonekana kama gunia. Ubaya huo ndio tunaoutafuta.

Mkilipata, msilitazame usoni. Ligeuzeni nje ndani. Vutani kila mkanda pale unapoungana na mgongo, na mtazame kama uzi unacheza. Kunjeni bizimu kwa kidole gumba. Plastiki iliyoungua jua hupasuka hapo hapo. Utando wa ndani wa kuzuia maji ukiwa umebambuka, msisikitike, ombeni bei ipunguzwe. Maji tutayazuia kwa mfuko mzima wa nailoni nzito utakaowekwa ndani, kama ule wa ndani ya gunia la mbolea, ulioshwe vizuri sana. Kule Scotland kila mtu anayejua kazi hutumia mfuko wa ndani, hata mwenye shanta la bei kubwa.

Kisha lipelekeni kwa fundi viatu. Sisemi fundi cherehani, naye asinielewe vibaya; cherehani ya nguo haipenyi mikanda minne iliyokunjwa, na uzi wa pamba huoza. Fundi viatu anao uzi wa nailoni na sindano ya kazi. Mwambieni ashone mraba, na ndani ya mraba msalaba, kwenye kila mkanda wa bega na kwenye kitanzi cha juu. Kama hakuna vitanzi vya shoka, aweke viwili. Mikanda mirefu inayoning'inia ikatwe na ncha zake ziunguzwe kwa kiberiti, lakini kateni shanta likiwa limejaa na kamba iko juu yake. Kijana mmoja aliikata likiwa tupu, siku ya safari haikufika. Fremu ya aluminiamu ikiweza kutoka, itoeni, na badala yake tieni kipande cha sponji ngumu ya kulalia kilichokunjwa. Kitaulinda mgongo, na mkikwama usiku ni cha kukalia.

La mwisho kwa fundi: tieni mchanga kilo 20 ndani, mlitundike shanta kwa mkanda mmoja wa bega usiku kucha, na asubuhi mlitikise. Kisha mkanda wa pili, usiku wa pili.

Iwapo hesabu yangu ni sahihi, shanta kwa 120,000 hadi 150,000, fundi 20,000, na kinachobaki kinunue glavu za akiba. Jozi mbili kila mtu. Na kila mtu abebe zake mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, nimeleta mashanta mawili, yako pale mezani karibu na mlango wa jiko. La bluu ni la lita 75, la kijivu ni la lita 40, nimeligharimia shilingi 145,000 pamoja na kazi ya fundi. Kamba na vifaa vyote vimo sandukuni. Ninamwomba ndugu yangu aliyetoa pendekezo, pamoja na vijana wetu wanne, waje wayapakie wenyewe, wavae helmeti, wainue mikono. Baada ya hapo nitajibu maswali.