Nchi Jirani: Mlango wa Chuo na Chumba cha Mtihani

Mwezi wa Mei mwaka 2025, Rais William Ruto wa Kenya alitia sahihi sheria mpya inayohusu watu wenye ulemavu. Sheria hiyo imechukua mahali pa ile ya mwaka 2003, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ndiyo iliyokuwa ikitajwa kila lilipozuka suala la haki za walemavu katika nchi hiyo jirani. Wengi wameipokea sheria mpya kwa furaha, na wanayo haki ya kufurahi. Lakini kabla ile ya zamani haijasahauliwa makabatini, yafaa ikumbukwe kwamba kifungu chake cha 18 kilikwisha kusema jambo ambalo hata leo vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki havijalitekeleza sawasawa.

Kifungu hicho hakikuishia kukataza kumnyima mtu nafasi ya masomo kwa sababu ya ulemavu wake. Kilivitaka vyuo na shule zizingatie mahitaji yake katika masharti ya kuingia, alama za kufaulu, mitaala, mitihani, ratiba za masomo na matumizi ya majengo. Yaani waliotunga sheria hawakusimama mlangoni wakampungia mkono mwanafunzi anayeingia. Walimfuata mpaka kwenye meza ya mtihani, na hapo mezani ndipo penye mambo.

Chukua mfano wa mwanafunzi asiyeona anayesomea sheria au historia. Wenzake wanapopewa karatasi ya maswali iliyopigwa chapa, yeye anaihitaji karatasi hiyohiyo katika nukta nundu. Kuitayarisha si kazi ya dakika tano. Mhadhiri hana budi kuyatoa maswali yake mapema, mtu mwaminifu ayageuze, mwingine ayapitie kuhakikisha kwamba hakuna nukta iliyoruka, na siri ya mtihani itunzwe muda wote huo. Mtihani ukiisha, majibu nayo sharti yageuzwe yawe maandishi ya kawaida ili yasahihishwe; na anayeyageuza akikosea neno, anayepoteza alama ni mwanafunzi. Isitoshe, kusoma nukta nundu kwa vidole huchukua muda mrefu kuliko kusoma wino kwa macho, na mashine ya kuyaandika maandishi hayo ina mlio wa kugonga unaowasumbua wengine, kwa hiyo chumba cha pekee chahitajika. Yote haya yanajulikana tangu zamani.

Kwa kiziwi shida ni ya namna nyingine. Yeye karatasi ya maswali anaiona vizuri, bali mhadhara wote umempita. Akiwa na mkalimani wa lugha ya alama, macho yake hayana budi kubaki kwenye mikono ya mkalimani, na mtu hawezi kutazama mikono na papo hapo kuandika daftarini. Basi lazima awepo mwenzake wa kumwandikia. Mkalimani naye ni binadamu, huchoka. Mhadhara wa saa mbili huhitaji wakalimani wawili wa kupokezana. Tena wawe wanaolijua somo lenyewe, kwa maana mkalimani asiyeelewa maana ya riba au ya mkataba hawezi kuipitisha kwa vidole.

Katika jambo hili Uganda ilianza mapema. Katiba yake ya mwaka 1995 ilizungumzia kuiendeleza lugha ya alama wakati nchi nyingi, zikiwamo zilizo tajiri, zilikuwa hazijafikiria kuitaja. Bunge lake lina viti vitano vya wawakilishi wa walemavu. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 iliruhusu ulemavu uzingatiwe katika kugawa nafasi, na kutokana na utaratibu huo nafasi 64 kwa mwaka zimekuwa zikitengwa kwa wanafunzi wenye ulemavu, kati ya takriban 4,000 zinazolipiwa na serikali katika vyuo vya umma. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimojawapo kikiwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu, hufundisha walimu wa fani hiyo na wakalimani wa lugha ya alama.

Hayo ni mambo ya kusifiwa bila choyo. Hata hivyo nafasi 64 ni hesabu ya wanaoingia. Hesabu ambayo haitangazwi kwa kishindo ni ya wanaokaa katika mtihani wa mwaka wa kwanza wakiwa na karatasi wanayoweza kuisoma. Kenya nayo imeifanya lugha ya alama kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, kwa mujibu wa Katiba yake ya mwaka 2010. Mbunge asiyesikia, basi, anayo haki ya mkalimani bila kuiomba. Mwanafunzi asiyesikia, mara nyingi, hubisha hodi ofisi baada ya ofisi.

Wapo wasemao kwamba kumwongezea mwanafunzi muda ni kumpendelea, na kwamba shahada itashuka thamani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mtihani wa sheria ungekuwa wa kupima mwendo wa vidole. Maswali ni yaleyale, msahihishaji ni yuleyule, na hakuna alama inayotolewa kwa huruma. Kinachoondolewa ni kile kizuizi ambacho hakikuwa sehemu ya somo tangu mwanzo.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi, na si haki kuibeza. Mashine za kuchapa nukta nundu ni ghali, na wakalimani wenye elimu ya kutosha ni wachache. Majengo ya zamani nayo yalijengwa na watu wasiomfikiria mtu wa kiti cha magurudumu: Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, iko juu ya kilima, na ngazi zake hazitavunjwa kwa bajeti ya mwaka mmoja. Lakini si kila kitu ni fedha. Kuhamishia mhadhara ghorofa ya chini kwahitaji barua moja tu ya mkuu wa kitivo, na mhadhiri kutoa maswali yake wiki tatu kabla badala ya usiku wa kuamkia mtihani hakumgharimu hata senti.

Katika vitabu, nchi hizi zimekwisha kufunguliana mlango. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kitabu kigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kuomba idhini ya mwenye haki ya kunakili, na nakala hiyo ivuke mpaka. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, na Tanzania, ambayo ina sheria yake ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 2010, ikafuata mwaka 2020. Maana yake ni kwamba kitabu cha uchumi kilichogeuzwa Nairobi chaweza kusomwa Kampala au Dar es Salaam bila kazi ile kurudiwa. Kinachotakiwa ni vyuo kuambizana nani amekwisha kugeuza kitabu gani.

Sheria mpya ya Kenya itahitaji kanuni, na kanuni zitahitaji watu wa kuzisimamia ndani ya vyuo. Ratiba ya mitihani hubandikwa ukutani wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Ikiwa siku ya kubandikwa kwake itaonyesha pia chumba cha mwanafunzi asiyeona, muda wake, na jina la mkalimani wa asiyesikia, sheria itakuwa imefika chuoni. Ikiwa atakuja kuulizwa asubuhi ya mtihani kwamba atafanyia wapi, itakuwa bado iko Nairobi, katika Gazeti la Serikali.