Shufwa na Witiri: Namna Mtandao Unavyogundua Makosa

Mtu apelekaye salamu kwa simu kutoka Mombasa hadi Maskati aghalabu hudhani kuwa maneno yake yatafika kama alivyoyaandika, ilhali njia yenyewe, iwe ni waya, mawimbi ya hewani au mkongo uliolazwa chini ya bahari, haiaminiki hata kidogo: radi, joto na kelele za umeme huweza kuigeuza sifuri ikawa moja, na herufi ikawa nyingine. Kinachozihifadhi salamu hizo ni hesabu.

Mwenye kalamu na aishike. Herufi C, katika hesabu za kompyuta, huandikwa kwa tarakimu saba: 1000011. Zihesabu hizo moja. Ni tatu, yaani witiri. Basi mpelekaji huongeza tarakimu ya nane, moja nyingine, ili zitimie nne, ambazo ni shufwa. Mpokeaji naye huhesabu kabla ya kukubali, na akikuta witiri hujua kwa yakini kwamba njiani pametokea hitilafu. Lakini zikigeuka tarakimu mbili pamoja, shufwa hubaki shufwa, na kosa hupita bila kujulikana. Kwa sababu hiyo mitandao ya leo hutumia hesabu nzito zaidi, ya kugawanya na kupeleka baki.

Hapa namstaajabia Richard Hamming, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1947 mashine aliyoiachia kazi mwishoni mwa juma, kila ilipogundua kosa, iliitupa kazi yake ikashika ya mwingine. Alighadhibika, akataka kujua: mashine itambuayo kuwa pana kosa, ina udhuru gani wa kutojua lilipo? Jibu alilichapisha mwaka 1950: tarakimu 4 za habari zifuatane na 3 za ukaguzi, kila moja ikishuhudia kundi lake, hata ushahidi wao ukilinganishwa, tarakimu moja iliyogeuka hufichuka mahali pake, ikarekebishwa.

Intaneti, kwa kanuni zilizoasisiwa na Vint Cerf na Robert Kahn mwaka 1974, hushika njia nyingine. Waraka hukatwa vipande vyenye namba. Mpokeaji hukitupa kilichoharibika, na kwa kilicho sahihi hurudisha stakabadhi. Stakabadhi isipofika kwa wakati, mpelekaji hupeleka tena. Picha ikikawia kufunguka kwenye simu yako usiku wa leo, huenda inangoja kipande kimoja tu, nacho kimo njiani kwa mara ya pili.