Konda, Maji Umekunywa Saa Ngapi?

Leo nimekuja na uchungu.

Juzi saa nane mchana pale Rangi Tatu, konda kashuka kuita abiria, kashika mlango wa daladala, magoti yakamlegea. Midomo imekauka hadi imechanika. Tukamkalisha kivulini. "Mwanangu, maji umekunywa saa ngapi?" Akanijibu, "Jana usiku, mama. Nikinywa nitakojoa wapi, na gari lina hesabu?"

Huyo ni wa tatu kumwona mwaka huu! Na akina mama lishe mnafanya yaleyale, na bodaboda pia. Mnajinyima maji kukwepa choo.

Sasa sikilizeni. Ndani ya ubongo, usawa wa nyuma ya macho, pana sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo huonja damu mchana na usiku. Chumvi ya damu ikizidi hata kwa asilimia 1 au 2 tu, inakuletea kiu, na papo hapo inamtuma mjumbe, homoni ya vasopresini, atoke kwenye tezi ya pituitari aende kuziambia figo: rudisheni maji, msimwage. Figo huchuja takribani lita 180 kwa siku, na karibu zote zinarudi mwilini. Ukiona mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi, mjumbe yuko kazini. Lakini yeye anabana matumizi tu, maji mapya hana pa kuyatoa! Na jasho la jua la Februari halimsubiri.

Halafu jioni unakaa kijiweni unasema bia inakata kiu. Inakata nini? Pombe inamzuia mjumbe yuleyule asitoke, figo zinaachia maji, unakwenda chooni mara tano, asubuhi kichwa kinagonga. Mchana kutwa ulikwepa choo, usiku unamwaga hata akiba.

Wazee nyumbani kiu yao hufifia, wapeni maji bila kungoja waombe. Wala usibugie lita tano kwa mkupuo, nayo ni hatari. Kunywa kidogo kidogo tangu alfajiri.

Konda, weka chupa chini ya kiti cha dereva. Gari likifika mwisho wa safari, nenda chooni. Nawe mwenye gari unayenisikia, hesabu unayoidai jioni, dakika tano za choo zitoe humohumo.