Gari la Zamani: Litazame Chini Kabla ya Juu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu mmoja, fundi mitambo mstaafu, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kununua gari la zamani, la kupendezwa nalo tu, la kulitengeneza Jumamosi na kulitembeza Jumapili. Katibu wetu ananiambia maswali juu ya jambo hili yamezidi, na sababu naielewa. Wengi wa rika letu tumestaafu. Watoto wanajitegemea, kiinua mgongo kimeingia, na mtu anakumbuka Peugeot 404 ya mwalimu wake au Land Rover ya bwana shamba, anasema sasa ni zamu yangu. Sioni ubaya. Ila kiinua mgongo hakilipwi mara mbili, nami nawafahamu watu wawili waliogeuza fedha zao za uzeeni kuwa lundo la chuma nyuma ya nyumba. Mmoja wao hakulipanda gari lake hata siku moja. Kwa hiyo mtanisamehe nisiposifu sana uzuri wa magari haya. Uzuri wake mnaujua.

Ninalotaka mlishike ni hili: nunueni bodi na karatasi. Injini na rangi ni mambo ya baadaye.

Mtu anayenunua kwa mara ya kwanza hufanya kinyume. Hufungua boneti, husikiliza mlio, hupapasa rangi, akatoa fedha. Lakini injini za magari haya ni nyepesi kutengeneza. Ile ya Volkswagen Beetle inashikwa na boliti nne tu, na vijana wawili wenye jeki wanaishusha chini kwa muda usiozidi saa moja. Silinda za Peugeot 404 ni za kuchomoa; zikichakaa unaingiza seti mpya pamoja na pistoni zake bila kuhangaika na kuchonga bloku. Kwa maneno mengine, injini iliyokufa ina bei, na bei hiyo fundi anaweza kukutajia kabla hujaanza. Kutu haina bei. Unachomelea hapa, unakuta chuma cha kushikia hakipo, unakata zaidi, na kila unapokata unafungua tatizo la mwaka ujao.

Basi siku ya kwenda kulitazama gari chukueni nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa, na gunia la kulalia. Vaeni nguo za kazi. Muuzaji akikuoneni mmevaa suti anapandisha bei, na isitoshe hamtaingia chini.

Nianze na Land Rover, kwa kuwa ndiyo inayodanganya wengi. Watu husema haishiki kutu. Ni kweli kwamba tangu 1948 bodi yake imetengenezwa kwa alumini, lakini chesisi ni ya chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Maji na tope huingia humo, na kutu huila kutoka ndani kuja nje. Kwa macho unaona chuma kizima kilichopakwa rangi nyeusi juzi. (Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu initie shaka moyoni.) Igongeni chesisi yote, mguu kwa mguu, hasa kipande cha nyuma kabisa kinachofungwa ndoano ya kuvutia, na mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hutoa mlio mzito wa kopo lililojaa mchanga. Bisibisi ikizama, funga safari urudi nyumbani. Na kabla hujarudi, tazama pia ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, maana nao si alumini. Nasikia yuko bwana mmoja aliyeweka sumaku kwenye mlango wa Land Rover, ikaanguka, akatangaza kwamba gari lote ni pati. Alumini haishikwi na sumaku, ndugu zangu.

Sumaku hiyo ni kwa ajili ya magari ya bodi ya chuma. Ipitisheni taratibu chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Inaposhika ni chuma. Inapoteleza pana pati. Kwa Peugeot 404 jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu gari lile halina chesisi ya peke yake, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Sakafu ikioza, gari limeoza.

Volkswagen ina mahali pake. Inueni kiti cha nyuma. Betri iko chini yake, upande wa kulia, na asidi yake imekuwa ikidondoka sakafuni miaka yote hiyo. Hapo ndipo sakafu hutoboka kwanza. Halafu gongeni yale mabomba mapana ya chuma yanayopita chini ya milango, kila upande. Yale ndiyo uti wa bodi, na kuyabadilisha ni kazi ya wiki nyingi. Na mkiinunua, fanyeni mambo mawili siku hiyo hiyo: badilisheni mipira ya petroli iliyo juu ya injini, na hakikisheni betri ina kifuniko chake. Mpira mkavu ukipasuka petroli hudondokea injini ya moto, na springi za kiti zikigusa vichwa vya betri hutoa cheche. Volkswagen nyingi zilizoungua ziliungua kwa mojawapo ya sababu hizo mbili.

Mahali gari lilikolala ni habari kubwa kuliko umri wake. Lililokaa miaka ishirini Dodoma chini ya mti mara nyingi lina afya kuliko lililokaa miaka mitano Tanga ndani ya banda, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Nauli ya kwenda bara kulitafuta ni fedha iliyotumika vizuri.

Injini nitaipita haraka. Mwambieni muuzaji asiiwashe kabla hamjafika, kisha igusuni muone ni ya baridi kweli. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli imezidi. Mweupe usiokoma ni maji yanaingia ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili ya maji vilevile. Gia ikichomoka yenyewe unapoachia mafuta, giaboksi imechoka. Hayo yote hupunguza bei. Na wanaohofia petroli ya siku hizi isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee tuliyo nayo tangu 2006 hivi, wasibabaike: siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa fundi ataweka siti ngumu za valvu, na habari imekwisha.

Kuna jambo la historia yetu ambalo vijana hawalijui. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 nchi iliishiwa fedha za kigeni na spea zikaadimika. Wazee wenzangu mtakumbuka jinsi ilivyokuwa marufuku kuendesha Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana petroli. Katika miaka ile mafundi wetu waliyahifadhi magari hai kwa kuazima: kabureta ya gari hili, dinamo ya lile, bushi zilizochongwa kwa mkono. Mimi nawavulia kofia. Lakini maana yake ni kwamba gari lililopita kipindi kile linaweza kuwa la kampuni tatu ndani ya bodi moja. Ulizeni kimetiwa nini, andikeni daftarini, la sivyo mtaagiza spea isiyoingia.

Msilipe zaidi kwa sababu ya hadithi. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda East African Safari kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena 1967, akiwa na Chris Rothwell, na tangu hapo kila 404 inayouzwa inasemekana ilishiriki Safari. Mwenye ushahidi aulete. Asiye nao, hadithi yake tuisikilize bure.

Sasa karatasi, na hapa naomba utulivu kidogo. Wenye magari haya wengi ni marehemu. Gari liko bandani, mtoto mmoja analiuza, kadi bado ina jina la baba. Jirani yangu alinunua kwa namna hiyo kutoka kwa mwana mkubwa. Alilinyoosha, akalipaka rangi, akashona viti. Ndipo dada za muuzaji walipokwenda mahakamani, na gari likarudi kwa warithi likiwa linang'aa. Haki ilikuwa yao. Kwa hiyo muulizeni msimamizi wa mirathi ni nani, mwone hati ya mahakama, mkataba uwe naye. Kisha linganisheni namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Volkswagen iko kwenye tuta la katikati, chini ya kiti cha nyuma. Gari lililobaki na vibao vya kizamani vya TZ liulizieni kwanza TRA kabla ya kutoa hata shilingi. La kushukuru ni kwamba ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, hivyo gari linalosubiri spea halikulimbikizii deni. Kuagiza kutoka nje sikushauri mtu anayeanza: ushuru wa uchakavu ni mkubwa kwa magari yaliyozidi miaka kumi.

Fedha: gawanyeni mafungu mawili yaliyo sawa. Moja la kununulia, la pili msiliguse mpaka gari limefika nyumbani. Mkeo alijue fungu la pili tangu mwanzo. Asiyekuwa na fungu la pili asubiri, kwani magari yapo.

Ila mafundi hawapo kwa muda mrefu, na hili nawaambia ninyi wa kidato cha tatu na cha nne. Wanaojua kurekebisha kabureta kwa sikio, au kuweka nafasi ya valvu za Volkswagen milimita 0.15 injini ikiwa ya baridi, wengi wana miaka sabini na zaidi. Vijana wa gereji siku hizi huchomeka kompyuta, nalo gari la 1965 halina pa kuchomeka. Mzee anayenunua amchukue kijana awe msaidizi. Kijana asiye na fedha abebe spana za mzee.

Nyuma ya karakana ya shule kuna Land Rover mnayoijua nyote, ile inayotagiwa mayai na kuku wa mpishi. Mkuu wa Shule ameniruhusu. Nyundo ninayo, gunia ninalo. Baada ya chakula cha mchana wanaopenda waje na nguo za kazi, tuigonge tuone kama chesisi yake inafaa kuokolewa. Ikiwa inafaa, Katibu ana daftari la michango na kalamu yake ina wino.