WAMEUZA UWANJA, KISHA WANAMKAMATA MTOTO PAGALENI

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana wa kata moja ya Dar es Salaam. Tunayachapa kama yalivyosemwa.





Wewe uliyekaa hapo juu ya tofali, na wewe utakayeyasoma haya kijiweni gazeti likipita mkono kwa mkono, nisikilizeni bila jazba. Sikuja kuwahubiria. Wahubiri mnao. Kila tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, mnavishwa fulana, mnaandamana nyuma ya tarumbeta, mgeni rasmi anasoma karatasi aliyoandikiwa, kisha kila mtu anarudi kulekule alikotoka. Mimi nina swali moja tu. Saa 10 jioni, mtoto wa miaka 14 wa mtaa wenu anakwenda wapi?

Hapa kwetu zamani jibu lilikuwa rahisi. Alikwenda uwanjani. Uwanja wenyewe haukuwa wa kujivunia: vumbi, magoli ya miti, na mwembe mmoja pembeni ambao kipa aliyefungwa mabao mengi alikwenda kujificha chini yake. Lakini ulikuwa na watu. Chandimu za wadogo zilianza saa 9, timu ya mtaa ikaingia saa 11, wazee na bao lao kivulini, mama wa mihogo upande wa barabara. Mtoto akiwasha sigara pale, haijafika nusu mama mihogo ameshapeleka habari nyumbani kwao. Hapakuwa na polisi wala mgambo. Ulinzi ulikuwa macho ya watu.

Kisha yakaja mabati. Tuliamka asubuhi moja tukakuta uwanja umezungushiwa uzio. Kuuliza, tukaambiwa kuna mwekezaji. Kuuliza tena, tukaambiwa tusipinge maendeleo. Mwembe ulikatwa siku ileile ya kwanza, kana kwamba wenyewe ndio uliokuwa na kesi. Leo pale pana baa, gereji na ukumbi wa harusi. Nani alipokea chake mapema, mnajua kunizidi.

Watoto hawakutoweka kwa sababu uwanja umetoweka. Walihamia kwenye pagale lililoko karibu na mfereji. Pale hakuna mama mihogo. Inaanza sigara, inafuata bangi, halafu anatokea kaka mkubwa mwenye roho nzuri ya kugawa kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, bure mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu unanunua kete.

Nilikuwa kocha wa watoto pale uwanjani. Katika kikosi changu cha mwisho cha wachezaji 11, watatu leo ni mateja. Mmoja alikuwa winga wangu wa kushoto, mtoto ambaye beki alimsikia tu akipita. Nilimkuta kituo cha daladala akipiga debe, arosto imemkaba, makamasi yanamtoka, anajikuna mwili mzima. Aliniambia, “Shikamoo kocha,” kisha akaomba mia tano. Nilimpa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Sasa asije mtu akasema nimedai nyasi ni dawa. Uwanja wenye giza na majani yaliyofika kiunoni ni pagale lisilo na kuta, na mateja nao wanapenda kivuli. Mnaijua baadhi ya bustani za mjini ambazo mtu mwenye akili hakatizi baada ya magharibi. Kinachomlinda mtoto ni watu walio pale pamoja na shughuli yenye saa yake. Ila shughuli hiyo inataka ardhi ya kusimamia. Huwezi kucheza mpira kichwani.

Wapo waliofanya. Aislandi, kisiwa cha baridi kule Ulaya ya kaskazini, mwaka 1998 katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Mwaka 2016 walibaki 5. Waliowahi kuvuta bangi walishuka kutoka 17 hadi 7. Hawakuwapiga virungu. Waliongeza fedha za michezo na muziki kwa watoto, mji wa Reykjavik ukawa unazipa familia pesa za kulipia klabu za watoto wao, wazazi wakapanga zamu za kuzunguka mitaani usiku, na sheria ikakataza watoto kuzurura saa za usiku. Mtasema wale ni matajiri, na nchi nzima haina hata watu nusu milioni. Kweli. Lakini zamu ya wazazi inagharimu shilingi ngapi?

Na msidhani kunyang'anywa viwanja ni jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 1989 wakubwa wa KANU kule Nairobi walitaka kusimamisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mama mmoja, Wangari Maathai, akaandika barua, akapiga kelele, akatukanwa mpaka bungeni. Ghorofa halikujengwa. Mwaka 1999 akapigwa hadi kutoka damu akitetea msitu wa Karura, na Karura upo mpaka leo, watu wanakwenda kukimbia humo. Hata Mnazi Mmoja yetu tunayoringia iliachwa wazi na mkoloni kwa ubaguzi wake, ili kutenga Kariakoo ya Waswahili na Uhindini. Mkoloni aliacha kiwanja kwa nia mbaya, sisi wenye nia njema tunakiuza!

Niseme haki pale inapostahili. Muhimbili walianza kutoa methadoni mwaka 2011, na wapo vijana waliorudi kuwa watu kwa dawa hiyo. Viroba, vilivyouzwa kama pipi hadi karibu na shule, vilipigwa marufuku mwaka 2017. Mimi nilishangilia, na chama changu kisininunie. Lakini unga unavuka Bahari ya Hindi, na mtoto wa pagaleni hana jahazi. Kila msako ukija, anayepandishwa karandinga ni yeye. Aliyeleta mzigo simwoni humo, na aliyeuza uwanja ndiye anayekaa meza kuu tarehe 26 Juni.

Kwa hiyo wewe kijana, acha kulalamika kijiweni. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kubadili matumizi ya kiwanja kwa kunong'onezana. Kibali cha mamlaka ya upangaji lazima kiwepo, na karatasi ina sahihi. Nenda kwenye mkutano wa mtaa. Msiende wawili, nendeni arobaini, mmevaa vizuri, hamjavuta wala kunywa kitu, maana hicho ndicho kisingizio wanachokisubiri. Muulizeni mwenyekiti: ramani inasema pale ni nini? Nani alitia sahihi pabadilishwe? Akisema atafuatilia, muulizeni tarehe, na iandikwe kwenye muhtasari.

Sisi huku kimetubaki kipande nyuma ya shule, hakizidi nusu ya uwanja wa mpira, na juzi nimeona mtu akikipima kwa kamba. Jumamosi saa 1 asubuhi tunafyeka majani na kusimamisha magoli. Mama mihogo ameshakubali kurudi. Njooni na mapanga, reki na miche ya miembe, na kila mmoja aje na mdogo wake. Winga wangu nimemtumia salamu kwamba nahitaji msaidizi wa kufundisha watoto kupiga krosi. Hajajibu.